Nyimbo za Kiswahili zilizovuka ziwa kabla yetu

Wengi wenu mnanijua kwa sauti ya habari. Asubuhi na jioni nawaletea bei ya mihogo sokoni, daraja lililobebwa na maji, kipindupindu kilichoonekana kijiji fulani, familia zilizofika usiku na magodoro kichwani. Hiyo ndiyo kazi yangu na naipenda. Lakini leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo kwenye habari halipati nafasi. Mimi ni shabiki wa muziki. Kwenye kadi ya simu yangu picha ni chache na nyimbo ni nyingi. Nikiwa kwenye mota kutoka Baraka kwenda Fizi, dereva ananisikia naimba mgongoni mwake mpaka ananiomba ninyamaze asikie injini. Na kati ya wanamuziki wote ninaowapenda, wa kwanza ni Remmy Ongala.

Nitawaeleza kwa nini. Halafu nitajaribu kujibu swali ambalo mzee mmoja alinitumia mwaka 2025, na ambalo wengine wenu pia mnaliuliza kwa sauti ya chini: je, inafaa redio ipige muziki wakati watu wanalia?

Nilizaliwa huku Fizi mwaka 1988. Vita vilipofika upande wetu mwaka 1996 nilikuwa na miaka minane. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi wa wavuvi, tukiwa tumebanana kama ndagala kwenye gunia, tukafika upande wa Kigoma. Kutoka hapo tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ambayo ilifunguliwa mwaka huo huo. Tulidhani tutakaa miezi mitatu. Tulikaa karibu miaka kumi.

Baba alitoka nyumbani na shoka, sufuria moja na redio ndogo. Mama alimlaumu kwa ile redio, kwa sababu mkono uliobeba redio ungeweza kubeba unga. Lakini kambini ile redio ikawa mali. Mawe yake yalipoisha nguvu tuliyaanika juani mchana kutwa, kama watu wanavyoanika samaki, na jioni yalitupa nusu saa nyingine. Majirani walikuja kukaa chini ya hema letu ya plastiki kusikiliza. Tulipata Radio Tanzania kutoka Dar es Salaam, tulipata Radio Kwizera ya kule Ngara, na siku za hewa nzuri tulipata Bujumbura. Watu wazima walitaka habari za Kongo. Sisi watoto tulisubiri habari ziishe.

Jioni moja baada ya habari waliweka wimbo. Gitaa lilikuwa la kwetu, lile linalozunguka bila kuchoka, kama nililozoea kulisikia kwenye baa za Baraka. Lakini maneno yalikuwa Kiswahili, na nilielewa kila neno. Sauti ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, ya mtu anayekueleza matatizo yake mlangoni pako. Baba akaniambia: «Sikiliza vizuri. Huyo anayeimba ni mtoto wa Kindu.»

Labda kwa mtoto wa leo hilo si jambo la ajabu. Kwangu lilikuwa la ajabu sana. Kwetu, muziki ulikuwa Lingala. Nyimbo zilitoka Kinshasa, na sisi wa mashariki tulizicheza na kuziimba, hata sehemu ambazo hatukuzielewa. Mtoto wa miaka sita alikuwa anaimba Lingala ya mapenzi harusini bila kujua anasema nini. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya mahubiri, ya kesi mbele ya chifu. Baadaye kikawa pia lugha ya kusimamishwa barabarani na kuulizwa umetoka wapi. Siwachukii watu wa Kinshasa. Rumba ni yetu sote, na UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika tarehe 14 Desemba 2021, kwa jina la Kongo zote mbili. Siku hiyo nilifurahi kama kila Mkongomani. Ila mtoto anayesikia nyimbo nzuri zote katika lugha nyingine anaanza kufikiri kwamba lugha ya mama yake ni ya kuagizia mafuta ya taa tu.

Kulikuwa na jambo lingine. Tulipokwenda kwenye masoko ya vijiji vya jirani kuuza mafuta ya msaada ili tupate mboga, kuna watoto walitucheka wakituita «wakimbizi, wakimbizi». Na sasa kwenye redio ya nchi hiyo hiyo, Mkongomani alikuwa anaimba, na Watanzania walikuwa wanamwita Daktari. Dokta Remmy. Kesho yake nilikwenda sokoni nikitembea tofauti kidogo.

Kwa vijana ambao hawamjui, jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa Kindu, huko Maniema, mwaka 1947. Wazazi wake walifariki akiwa bado kijana, na gitaa ndilo lililomlisha. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy, ambaye naye ni Mkongomani. Baadaye akaongoza Super Matimila, na hapo ndipo jina lake lilipopanda. Mwaka 1988 watu wa WOMAD walianza kumpeleka Ulaya, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa santuri yake «Songs for the Poor Man», yaani nyimbo za mtu maskini. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Ukifika Dar es Salaam leo ukapanda basi la Sinza, kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Mtoto wa Kindu amekuwa jina la kituo cha basi katika jiji la watu wengine.

Ninachokipenda kwake ni kwamba hakukipamba Kiswahili chake. Hakuimba Kiswahili cha vitabu. Kuna wimbo wake ambao kwenye santuri umeandikwa «Inchi Yetu», hivyo hivyo, kama tunavyotamka sisi huku Kongo. Aliimba juu ya mtu asiye na pesa, na mmoja wa nyimbo hizo unaitwa «Sauti ya Mnyonge». Aliimba «Mambo kwa Soksi» juu ya kondomu wakati ambapo ukimwi ulikuwa unaua na watu wazima waliona haya kutaja jina lake, na redio ya serikali ikakataa kuupiga. Aliimba «Kifo». Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kambini tulikuwa tumezika watoto wengi mwaka ule kwa malaria. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama na gitaa akazungumza na kifo mbele ya watu wanaocheza. Wamama wa mtaa wetu waliusikiliza mikono ikiwa kwenye mashavu, na ulipofika mwisho, sehemu ya gitaa, mmoja wao akasimama akacheza polepole, machozi yakimtoka. Hakuna aliyemkemea.

Nilipokua nikaanza kuwatafuta wengine. Niligundua kwamba njia tuliyopita sisi na magodoro ilikuwa imepitwa zamani na wanamuziki wenye magitaa. Wengi wao walikwenda kutafuta kazi, na hiyo ni tofauti kubwa na mtu anayekimbia risasi. Sitaki kuchanganya mambo hayo mawili. Lakini walivuka mipaka ile ile, na walipofika ng'ambo waliendelea kuimba.

Maquis du Zaire walitoka upande wa Katanga wakaingia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na kuna wazee wa Tanzania ambao hadi leo hukumbuka ujana wao kwa kusikia «Karubandika». Samba Mapangala alizaliwa Matadi, karibu kabisa na bahari ya magharibi, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Alipita Uganda, akafika Nairobi, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Mnalisikia jina hilo? Virunga ni zile volkeno zetu za Kivu ya Kaskazini. Mtu wa Matadi, akiwa Nairobi, aliita bendi yake kwa jina la milima ya mashariki, akaimba Lingala na Kiswahili, na Kenya nzima ikacheza.

Na kabla ya wote hao kulikuwa na Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kunasa sauti, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa tunauita Likasi, akanasa «Masanga». Gitaa moja, mtu mmoja, Kiswahili cha migodini. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza wimbo huo hadi leo kwa kuhesabu vidole vyake. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili cha Kongo hakina muziki, mwambie muziki huo ulikuwepo kabla ya uhuru.

Siwezi kuacha kutaja video. Nyarugusu ilikuwa na vibanda vya video, na siku tulipopata sarafu tuliingia. Jenereta linanguruma nyuma, televizio ni ndogo, watu mia wamekaa chini, na filme ni ya Marekani au ya Hong Kong. Hatukujua Kiingereza wala Kichina. Lakini kaseti nyingi zilikuja zikiwa na sauti ya mtu wa Dar es Salaam anayesimulia filme nzima kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe. Aliyekuwa maarufu kuliko wote alijiita Lufufu. Alieleza nani anamkasirikia nani, alitia utani wake, alimpa jambazi wa Amerika tabia za jirani yako. Wakati mwingine nilifumba macho na filme iliendelea vizuri tu. Nilipoanza masomo ya uandishi wa habari huko Bukavu, mwalimu alituambia kwamba mtu wa redio lazima amwonyeshe msikilizaji vitu kwa sauti peke yake. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi nilicheka moyoni, maana nilikuwa nimesomeshwa jambo hilo kwenye kibanda cha miti kwa ada ya shilingi hamsini.

Tulirudi Baraka mwaka 2006 kwa meli, pamoja na wengine waliokuwa wanarudishwa kutoka Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimaliza sekondari huku, nikaenda Bukavu kusoma, nikarudi na mikrofoni. Siku za kwanza watu walisema naongea kama Mtanzania. Wazee walinicheka, vijana waliniomba nyimbo. Siku hizi vijana hawana haja na mimi. Wana Bongo Flava kwenye simu, wana Innoss'B, kijana wa Goma, ambaye mwaka 2019 wimbo wake «Yope» alipourudia pamoja na Diamond Platnumz ulichezwa hadi kwenye harusi za wachungaji. Nawaona wakicheza Lingala na Kiswahili katika wimbo mmoja bila kuona ajabu yoyote, na nafurahi, kwa sababu sisi hatukuwa hivyo.

Sasa nifike kwenye swali.

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na kushuka bondeni Ruzizi, mnajua mlivyotembea. Wengine walivuka mto kuingia Burundi, wakajaa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wengine walishuka Uvira. Wengine walifika huku Baraka na Fizi, na familia za huku ziliwapokea, watu kumi na watano katika nyumba ya vyumba viwili. Redio yetu ilianza kusoma matangazo ya watu wanaotafutana. Kila Jumamosi, kabla ya kipindi cha salamu na muziki, tulisoma majina.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja kutoka bondeni, na mtoto mchanga mgongoni. Aliketi kwenye benchi ya nje mpaka zamu yake ikafika. Alikuwa ametengana na watoto wake wawili kwenye msongamano, binti wa miaka kumi na nne na mdogo wake wa miaka mitano. Alisikia kwamba walionekana wakivuka kwenda Burundi na majirani. Nilichukua majina. Nilipoyaandika tukatazamana, kwa sababu jina la binti huyo ni jina ambalo kila mtaa wa Kivu una wasichana kumi wanaoitwa hivyo, na jina la baba nalo ni hivyo hivyo.

Nikamwuliza: «Mama, kuna alama yoyote? Kovu, nguo aliyovaa?»

Akafikiri. Akasema: «Mwandishi, mpigieni Vunja Mifupa.»

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza. Nyumbani kwao, kila alipopika nyama, na haikuwa mara nyingi, mume wake aliweka wimbo huo wa Samba Mapangala kwenye simu, na watoto walicheza kuzunguka sufuria. Ilikuwa desturi yao. Hata siku ambazo hakukuwa na nyama, binti aliimba wimbo huo kumtania mama yake mbele ya sombe. «Majina yetu wanayo wengi,» akasema. «Lakini akisikia jina lake na wimbo huo pamoja, atajua ni mimi.»

Jumamosi hiyo tulisoma majina yote. La binti huyo tuliliweka la mwisho, na mara baada ya jina lake tukapiga Vunja Mifupa. Tulinasa sehemu hiyo, tukaituma kwa wenzetu wa redio za Uvira na kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wakaisambaza upande wa Burundi.

Jioni hiyo hiyo nikapata ujumbe wa mzee. Naye ni mkimbizi, kutoka upande wa Uvira. Nauandika kama ulivyokuwa, kwa ruhusa yake: «Mwandishi, mmesoma majina ya watu waliopotea, halafu mkapiga wimbo wa kuvunja mifupa. Sisi wengine hatujui mifupa ya watu wetu iko wapi.»

Niliusoma mara nyingi. Kwa ujumbe kama huo mtu hajibu kwa simu. Siku iliyofuata nilikwenda kumtembelea alikopokelewa, nyumba iliyo karibu na ziwa. Nilimkuta anatengeneza nyavu ya mwenye nyumba, maana alisema hawezi kula bugali ya mtu bila kufanya kazi. Nilimsalimu, akanipa kiti, yeye akabaki kwenye kigogo. Kaka yake mdogo aliachwa njiani mwezi wa pili. Hawakuweza kurudi.

Nikamweleza habari ya mama, ya binti, ya sufuria. Alinyamaza muda mrefu, vidole vikiendelea na nyavu. Halafu akasema: «Mwanangu, kwetu kwenye kilio tunaimba mpaka asubuhi. Mimi sikatai wimbo. Lakini kwenye kilio kila mtu anajua wimbo ni wa nani. Huyu ameuanzisha kwa sababu ya marehemu, yule anaupokea. Nyinyi mnapiga tu, nasi huku hatujui kama mnalia au mnakunywa bia.»

Kisha, bila mimi kumwuliza, akaniambia kwamba alikulia Albertville, yaani Kalemie, ambako baba yake alifanya kazi bandarini, na kwamba kulikuwa na mtu mwenye gramafoni aliyekuwa na santuri ya Mwenda. Watoto walikaa nje ya dirisha. Kaka yake mdogo, yule aliyebaki njiani, alijaribu kujitengenezea gitaa kwa debe la mafuta na nyuzi za nyavu, ili apige «Masanga». Hakufaulu kamwe. Mzee alicheka kidogo aliposema hivyo, akainama tena kwenye nyavu yake.

Jumamosi iliyofuata tulibadili kipindi. Baada ya majina kunakuwa na kimya, nusu dakika, saa ya ukutani tu inasikika. Halafu kabla ya kila wimbo tunasema ni wa nani: ni mama fulani wa bondeni anauomba kwa ajili ya watoto wake, ni kijana wa Kalehe anaomba wimbo ambao timu yao ilikuwa ikiimba, ni mzee anauomba kwa ajili ya kaka yake. Wimbo wa kwanza wa siku hiyo ulikuwa «Masanga». Mzee hakutuma ujumbe. Mwenye nyumba yake aliniambia kwamba waliusikiliza wote uani, na kwamba mzee aliomba redio izimwe baada ya hapo. Ikazimwa.

Na yule binti? Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na mtu aliyekuwa Rugombo. Alisema kwenye kibanda cha kuchaji simu, kijana mmoja alikuwa anasikiliza sauti za WhatsApp kwa nguvu, na msichana aliyebeba mtoto mdogo alisimama ghafla akaomba irudiwe. Irudiwe tena. Lakini mtu huyo alipopata namba yetu, watoto hao walikuwa tayari wamepandishwa gari pamoja na wengine kwenda kambi ya Musenyi, kusini mashariki mwa Burundi. Tulitafuta kupitia watu wa kule. Mwezi wa tano mama alizungumza na binti yake kwa simu, dakika nne. Hadi leo ninapoandika hawajaonana. Barabara ni ile mnayoijua na nauli ni ile mnayoijua. Sitawadanganya kwamba wimbo umemaliza tatizo lao.

Lakini hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza kama inafaa. Naamini inafaa, kwa sababu niliona mwenyewe kambini, nikiwa mtoto, jinsi sauti ya mtu wa Kindu ilivyotufanya tukae pamoja chini ya plastiki moja, waliofiwa na wasiofiwa. Na inafaa zaidi katika Kiswahili chetu. Tangu mwaka 2025 uanze, mimi mwenyewe nimesoma katika lugha hii vifo ambavyo sikuvihesabu. Mtoto aliye leo kwenye nyumba ya watu kumi na watano anasikia Kiswahili asubuhi na jioni, na karibu chote ni habari mbaya, nyingine kwa sauti yangu. Ningependa asikie pia kwamba katika lugha hiyo mtu wa Likasi alipiga gitaa mpaka dunia ikageuka kumtazama, na kwamba baba mmoja wa bondeni aliitumia kuchezesha watoto wake kuzunguka sufuria ya nyama.

Mzee naye ana haki. Wimbo usio na mwenyewe, ukiwekwa baada ya majina ya waliopotea, unaumiza. Kwa hiyo nawaomba mtusaidie. Mkituma ombi la wimbo, tuambieni mambo mawili: unamwombea nani, na mliusikia wapi pamoja. Andikeni kwa Kiswahili chenu, cha Uvira, cha Bunyakiri, cha Kindu, cha Kalemie, hakuna atakayewasahihisha. Msiweke kwenye ujumbe mahali mnapolala wala namba ya simu ya mtoto, maana si kila anayesikiliza ana nia njema. Hayo tutayapokea mkija wenyewe. Wasio na simu, benchi ya nje iko pale pale, na kuna kivuli mpaka saa tisa.

Kama kuna mtu mwenye kaseti za zamani za Super Matimila, hata zilizokatika, azilete. Tutaziunga.